Lenzi ya mtumba au mpya kwa mwenye bajeti ndogo: itazame mota kabla ya kioo

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Swali la kama mtu mwenye fedha kidogo anunue lenzi mpya au iliyotumika huulizwa mara kwa mara, na majibu huwa yaleyale mawili: wapo wanaosema mtumba ni kamari, na wapo wanaosema kununua mpya ni kuchezea fedha. Nimetumia lenzi za namna zote mbili kwa miaka kadhaa, nimepata hasara mara mbili, na nimefikia msimamo ambao nauweka hapa kwa kirefu ili mwenye hoja tofauti aupinge. Msimamo wenyewe ni kwamba lenzi si kitu kimoja. Ni vioo, chuma, mota na saketi vilivyofungwa pamoja, na kila kimoja kina namna yake ya kuzeeka. Kwa hiyo, kabla hujauliza mpya au mtumba, jiulize lenzi unayoitaka inategemea zaidi kioo au mota.

Kioo kinachotunzwa mahali pakavu hakichakai. Helios 44-2, lenzi ya milimita 58 yenye f/2 (namba ya f ni kipimo cha tundu linaloingiza mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) iliyotengenezwa kwa wingi katika Umoja wa Kisovieti, hadi leo inatafutwa na wapigaji wa picha za watu kwa sababu ya namna inavyoyazungusha mandhari ya nyuma kama maji yanayokorogwa. Ndani yake hakuna mota wala waya hata mmoja. Kuna vioo, pete za chuma na grisi. Kitu cha namna hiyo, kama vioo ni safi na pete zinazunguka bila kukwama, umri wake haukuambii lolote la maana. Lenzi ya kisasa ya kuvuta (zoom) ni habari nyingine. Ina mota ya fokasi, yaani ya kuifanya picha iwe kali, ina kifaa cha kutuliza mtikisiko, na ina utepe mwembamba wa nyaya unaojikunja na kujikunjua kila unapovuta, maelfu kwa maelfu ya mara, mpaka siku moja ukatike. Hizi ni sehemu zenye maisha yanayohesabika, na muuzaji hawezi kukuambia zimebakiwa na kiasi gani kwa sababu hata yeye hajui.

Mfano ninaoupenda ni lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye f/1.8, kwa sababu historia yake yote iko wazi. Toleo la kwanza la EF lilitoka mwaka 1987, likiwa na kiungio (mahali lenzi inapofungwa kwenye kamera) cha chuma na kidirisha cha kuonyesha umbali. Mwaka 1990 likaja toleo la pili, kiungio kikawa cha plastiki na kidirisha kikaondolewa, ili bei ishuke. Mwaka 2015 likaja toleo la STM (jina la mota yake), ambalo limerudisha kiungio cha chuma, lina vibamba saba vya tundu badala ya vitano, na linaweza kusogelea kitu hadi sentimita 35 badala ya 45. Sasa angalia jambo ambalo matangazo hayakulikazia: katika matoleo yote matatu, mpangilio ni wa vioo sita katika makundi matano. Anayenunua STM mpya analipia hasa mota iliyo tulivu zaidi na umbo lililo bora. Akiwa anapiga video, analipia kitu cha kweli, maana mota ya toleo la pili inakoroma kiasi cha kusikika kwenye sauti iliyorekodiwa. Akiwa anapiga picha mnato tu, toleo la zamani lililo zima litampa picha ambayo ni vigumu kuitofautisha.

Na kwa nini mtu ahangaike na lenzi ya pili hali kamera yake ilikuja na lenzi ya 18-55? Kwa sababu ya mwanga. Ukiivuta lenzi hiyo hadi milimita 55, tundu lake kubwa kabisa kwa kawaida ni f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara tisa na nusu ya huo. Katika chumba chenye taa moja, pale ambapo lenzi ya kwanza inakulazimisha upige kwa 1/30 ya sekunde, na mtoto akigeuza shingo tu uso wake unafutika, lenzi ya f/1.8 inakuruhusu kukaribia 1/300 bila kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Hakuna kamera mpya ya bei ya kati itakayokupa badiliko kubwa namna hiyo, ndiyo maana siku zote nawashauri watu waache kwanza mawazo ya kubadili kamera.

Nirudi kwenye mtumba. Wakati huu wapiga picha wengi wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi, na wanauza lenzi zao za DSLR, yaani za kamera zenye kioo hicho. Bidhaa ni nyingi na wauzaji wana haraka, jambo linalomfaa mnunuzi. Lakini hapo ndipo penye mtego wa kwanza, nao si ubovu bali ni kutofungamana. Kiungio cha Nikon aina ya F kimekuwepo tangu mwaka 1959, na watu hudhani kwamba lenzi ikiingia basi inafanya kazi. Lenzi za Nikon zilizoandikwa AF tu (si AF-S wala AF-I) zenye herufi D, kama vile AF 50 f/1.8D, hazina mota ndani yake. Zinazungushwa na skrubu iliyomo kwenye kamera. Kamera ndogo za familia ya D3000 na D5000 hazina skrubu hiyo, wala kiunganishi cha FTZ, kinachofungia lenzi hizi kwenye kamera za Nikon Z zisizo na kioo cha kuakisi, hakina. Lenzi itaingia, picha itatoka, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Kwa upande wa Canon, lenzi za EF zinaingia kwenye DSLR zote za EOS, ila zile za EF-S haziingii kwenye DSLR zenye sensa (kinasa picha) kubwa ya fulu fremu.

Wenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi wana nafuu yao. Kutoka kwenye kiungio hadi kwenye sensa, Sony E ina milimita 18, Canon RF ina 20 na Nikon Z ina 16, ilhali lenzi za zamani za M42, zinazofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, zilibuniwa kwa umbali wa milimita 45.46. Nafasi hiyo iliyobaki inajazwa na pete tupu ya chuma isiyo na kioo chochote, na ghafla lenzi za nusu karne zinafunguka mbele yako. Pete hizo ni rahisi, lakini fokasi ni ya mkono, na mtu asiye na subira ataichukia kabla mwezi haujaisha.

Sasa ukaguzi, kwa sababu hasara zangu zote mbili zilitokana na kukagua vibaya. Ya kwanza ilikuwa lenzi niliyoonyeshwa jioni, chini ya taa hafifu. Niliangalia kioo cha mbele, kikang'aa, nikalipa. Nyumbani nilipoimulika kwa tochi niliona nyuzi nyembamba kama miguu ya buibui zimeanzia ukingoni mwa kioo cha ndani, karibu na nyuma. Ilikuwa kuvu. Fundi aliifungua na kuisafisha, nyuzi zikaondoka, lakini zilikuwa zimekwisha kuula utando wa juu ya kioo, na tangu hapo picha yoyote niliyopiga nikielekea mwanga ilitoka kama imepakwa maziwa. Ya pili ilikuwa lenzi ya kuvuta. Mbele ya muuzaji niliijaribu nikiwa nimeivuta mwanzo kabisa, ikafanya kazi vizuri. Nilipoivuta katikati, kamera ilitoa ujumbe wa hitilafu. Ule utepe wa nyaya nilioutaja ulikuwa umechanika, na gharama ya kuutengeneza ilikaribia bei niliyonunulia lenzi nzima.

Tangu siku hizo nafanya hivi. Naondoa vifuniko vyote viwili, nawasha tochi ya simu, naielekeza kwenye lenzi kutoka upande mmoja kwa pembe huku nikichungulia upande wa pili, kisha naigeuza. Tundu lazima liwe wazi kabisa: lenzi za Canon EF hubaki wazi zinapotolewa kwenye kamera, ila zile za Nikon zenye kijiti nyuma hujifunga, hivyo unakisukuma kijiti hicho kwa ukucha, na hapohapo unaona kama vibamba vinaruka upesi au vinajivuta kwa sababu ya mafuta. Vumbi utaliona kila mara, lipuuze. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauna athari kubwa, isipokuwa unapopiga dhidi ya jua. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni jambo zito zaidi. Nyuzi ni kuvu, na ukungu unaofanana na pumzi iliyoganda kwenye kioo kizima huonekana tu chini ya tochi, kwa hiyo anayekukataza kuwasha tochi amekwisha kukujibu. Angalia pia vichwa vya skrubu za kiungio: vikiwa vimeliwa, lenzi imewahi kufunguliwa. Ukingo wa mbele unapofungwa filta ukiwa umebonyea, iliwahi kuanguka.

Halafu ifunge kwenye kamera yako mwenyewe. Piga picha kumi mfululizo kwa f/16 ukiwa umeweka kila kitu kwa mkono. Zikitofautiana mwanga, vibamba vinachelewa. Vuta mwanzo, katikati na mwisho, na kila mahali iache fokasi itafute. Mwisho tafuta ukuta wa matofali, simama sambamba nao, weka kamera kwenye tripodi, fungua tundu lote, piga, kisha uikuze picha na kulinganisha pembe nne. Pembe zote zikilegea kidogo, hiyo ni tabia ya lenzi. Pembe tatu zikiwa kali na moja ikiwa imefifia, kuna kioo kilichokaa upande.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa maelezo, lakini naona umeipuuza dhamana. Mimi napiga picha za harusi kwa malipo. Lenzi ikifa siku ya Jumamosi saa nane mchana, kuokoa fedha wakati wa kununua hakunisaidii kitu. Lenzi mpya inanipa mahali pa kuirudisha, na hilo nalo ni sehemu ya bei. Isitoshe, kwa baadhi ya lenzi ndogo tofauti ya bei kati ya mpya na mtumba ni ndogo kiasi kwamba sioni sababu ya kupoteza siku nzima nikimulika tochi.

Mwanzisha uzi

Kuhusu tofauti ya bei nakubaliana nawe bila ubishi, na nilipaswa kuanza na hilo. Kipimo changu binafsi ni robo tatu: mtumba ukifika robo tatu ya bei ya mpya, nanunua mpya na kusahau. Uzuri wa mtumba uko kwenye lenzi ambazo zimekwisha kushuka hadi nusu au chini yake, ambazo hata ukizitumia miaka miwili na kuziuza, hasara yako ni ndogo.

Kuhusu dhamana, mkuu, hoja yako ina nguvu kwa lenzi ya kuvuta ya f/2.8 inayofanya kazi kila wikendi, kwa sababu hiyo ni lenzi ya mota na nyaya, nami mwenyewe ningeinunua mpya. Lakini dhamana haitaiponya lenzi saa nane ya Jumamosi. Itakuletea iliyotengenezwa baada ya wiki kadhaa. Kinachokuokoa siku hiyo ni lenzi ya pili mfukoni, na lenzi hiyo ya akiba ndiyo ningeichukua ya mtumba. Pia soma karatasi ya dhamana kabla ya kulipa. Lenzi mpya iliyoingizwa kwa njia za pembeni huuzwa kwa bei nafuu, nayo mara nyingi dhamana yake inatambuliwa tu katika eneo ilikokusudiwa kuuzwa. Hapo unalipia upya wa boksi tu.

Mchangiaji wa pili

Kuna njia ya tatu ambayo haijatajwa. Siku hizi zipo lenzi mpya za bei ndogo za TTArtisan na 7Artisans ambazo ni za fokasi ya mkono, na zipo za Yongnuo na Viltrox zenye otofokasi. Kwa mtu anayeogopa mtumba, je, hizi si jibu?

Mwanzisha uzi

Ni jibu, ila si jibu moja. Zile za fokasi ya mkono ni kioo na chuma, kwa hiyo iwe mpya au mtumba hofu ni ndogo. Kinachobaki ni kuamua kama una subira ya kuzungusha pete. Nyingi kati ya zile zenye otofokasi zinatumia mawasiliano ambayo yamebuniwa kuiga ya mtengenezaji wa kamera, na kamera ikibadilishiwa programu au ukinunua kamera mpya, lenzi inaweza kuhitaji programu mpya nayo. Lenzi nyingi za Viltrox zina tundu la USB kwa kazi hiyo, jambo la busara sana. Ukiikuta ya mtumba isiyo na njia ya kuiwekea programu mpya, ijaribu kwenye kamera ileile utakayoitumia, si kwenye kamera ya muuzaji.

Mchangiaji wa tatu

Kaka, samahani kwa swali la mwanafunzi. Nina Nikon D5600 na lenzi iliyokuja nayo, na ninapiga zaidi watoto wangu wakiwa ndani ya nyumba. Nilikuwa nimekwisha kuamua kununua ya milimita 50, lakini nimeonyeshwa pia mbili za milimita 35 za mtumba: moja ni AF 35 f/2D, nyingine ni AF-S DX 35 f/1.8G. Ya kwanza bei yake ni nafuu kidogo.

Mwanzisha uzi

Dada, hilo si swali la mwanafunzi, ni swali ambalo wengi hulikosea. Kamera yako ina sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko fulu fremu, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 itakuonyesha eneo ambalo kwenye fulu fremu lingeonekana kwa milimita 75. Ni nzuri kwa uso wa mtu mmoja, lakini sebuleni utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado mtoto wa pili atakatwa bega. Ya 35 inaona kama milimita 52 hivi, karibu na jicho linavyoona. Usiniamini mimi: iweke lenzi uliyonayo kwenye 35 siku nzima bila kuigusa, kesho yake iweke kwenye 50, kisha hesabu ni mara ngapi ulisogea nyuma.

Katika hizo mbili, iache ile ya f/2D hata ikishushwa bei tena. Herufi D ndiyo niliyoieleza juu: kwenye D5600 haitafanya otofokasi, na mtoto anayekimbia hatakusubiri uzungushe pete. Ile ya AF-S ina mota yake ndani.

Mchangiaji wa nne

Nami nina la kuuliza, mkuu. Nimekuta Super Takumar ya milimita 50 yenye f/1.4, vioo vyake vimekuwa vya njano kama chai isiyokolea. Hiyo nayo ni kuvu?

Mwanzisha uzi

Hapana, na huenda umeokota kitu kizuri. Matoleo mengi ya lenzi hiyo yana kioo kilichochanganywa na toriamu, ambayo ina mionzi hafifu na hukipa kioo rangi ya njano kadiri miaka inavyopita. Njano hiyo hupungua sana ukiiweka chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno kwa siku au wiki kadhaa. Wengine huiacha juani dirishani, lakini kumbuka kwamba lenzi ni lenzi: ikikusanya miale ya jua juu ya pazia, itaunguza pazia.

Mchangiaji wa tatu

Kaka, nimerudi na matokeo. Nilifanya jaribio la siku mbili, na nilisogea nyuma mara nyingi mno kwenye 50, kwa hiyo nimebaki na 35. Muuzaji alikuwa na AF-S mbili. Nilizipiga zote kwenye ukuta wa matofali kama ulivyoelekeza. Ya kwanza ilikuwa safi kama mpya, hata kofia yake na vifuniko vyote vipo, lakini pembe ya kushoto chini ilikuwa imefifia kabisa wakati nyingine tatu zinasomeka hadi mistari ya saruji. Nilihama nikapiga tena sehemu nyingine ya ukuta, pembe ni ileile. Ya pili imechubuka rangi, haina kofia, na nilipoimulika niliona punje tatu za vumbi ndani, lakini pembe zote nne zinalingana na hakuna uzi wowote. Muuzaji anazitaka bei moja. Hizo punje tatu zinanitia wasiwasi.

Mwanzisha uzi

Dada, chukua ya pili. Punje hizo hutaziona kwenye picha hata ukizitafuta. Zitaje tu wakati wa kuzungumza bei, pamoja na kofia isiyokuwepo.